Kumdhamini mwenza bila ndoa Kanada: maombi ya ndani, maombi ya nje, au ndoa kwanza?

Binti_wa_Muheza (Edmonton)
Ndugu zangu, naomba mnisaidie kupima. Mimi ni mkaazi wa kudumu wa Kanada. Mwenzangu alikuja kwa viza ya matembezi ya kuingia mara nyingi, akaongezewa muda wa kukaa, na tangu alipofika tunaishi nyumba moja. Mwaka haujatimia, ila umekaribia. Hatujafunga ndoa kwa sababu wazee wa pande mbili hawajamaliza mazungumzo ya posa, nasi hatupendi kuwaruka. Sasa baba yake anaumwa huko nyumbani Tanga na hana budi kwenda kumwona. Je, ili apate ukaazi wa kudumu, tuwasilishe maombi ya udhamini ya ndani (ya mwenza anayeishi na mdhamini hapa Kanada), ya nje, au twende tukaandikishe ndoa? Na akishatoka, atarudije?

Mzee_Karani (Toronto)
Pole kwa kuuguliwa, binti yangu. Kanuni za Kanada humtambua mwenza asiye wa ndoa pale mlipoishi kinyumba kwa mwaka mmoja mfululizo, na mwaka huo uwe umetimia siku mnayowasilisha maombi, si baadaye maombi yakiwa mezani kwa ofisa. Safari fupi ya kumwona mzazi mgonjwa haivunji mfululizo huo, mradi ionekane kwamba ni ya muda na kwamba kwake bado ni kwenu. Hata hivyo, kama hali ya mzee inaruhusu kungoja, ningependa mwaka utimie kwanza, mkatie sahihi fomu IMM 5409 ya kiapo cha kuishi pamoja, ndipo asafiri. Kama haingoji, aende. Atunze tiketi, barua ya hospitali na mawasiliano yenu ya kipindi hicho, na nguo na vitu vyake vibaki nyumbani kwenu.

Umm_Sumayya (Ottawa)
Kwa hali yako, dada, mimi nachagua maombi ya nje bila kusita, ingawa jina lake huwafanya wengi wadhani kwamba mwombaji lazima awe nje ya Kanada. Si lazima, anaweza kuishi na wewe hapo Edmonton kama mgeni halali huku maombi yakishughulikiwa. Maombi ya ndani yanadai muwe mnaishi pamoja ndani ya Kanada, kwa hiyo akitoka na kukataliwa mpakani, msingi wa maombi yenyewe unaondoka. Ya nje yanaendelea hata akikwama Tanga. Tena yakikataliwa, wewe mdhamini una haki ya kukata rufaa kwenye kitengo cha rufaa za uhamiaji, ilhali ya ndani yakikataliwa unabakiwa na Mahakama ya Shirikisho, ambayo huangalia kama uamuzi ulifuata sheria, haisikilizi upya habari za uhusiano wenu.

Fundi_Umeme (Calgary)
Nakubaliana na Umm Sumayya kuhusu safari, lakini maombi ya ndani yasidharauliwe. Aliyepoteza hadhi yake ya ugeni akiwa nchini anaweza kupokelewa kwa njia hiyo, chini ya sera iliyotolewa mwaka 2005. Zamani ilikuwa pia ndiyo njia ya kupata kibali huria cha kazi, kisichomfunga mtu kwa mwajiri mmoja, wakati wa kusubiri. Tangu mwaka 2023 kibali hicho huombwa hata na mwenza aliye Kanada ambaye maombi yake ni ya nje. Kwa mtu mwenye hadhi halali na mzazi mgonjwa mbali, sababu ya kuchagua ndani imepungua sana.

Umm_Sumayya
Kuhusu ndoa: mkioana, sharti la mwaka mmoja linaondoka, na hilo ni jambo kubwa. Ila nawasihi ndugu wa pwani: nikahi ambayo bwana harusi amewakilishwa na wakili, au iliyofungwa kwa simu, haikubaliki kwa udhamini wa Kanada tangu Juni 2015. Ninyi wawili lazima muwepo mahali pamoja, na ndoa iwe halali kwa sheria ya nchi ilikofungwa. Nimeona familia zikilia kwa jambo hili.

Kaka_Leicester
Kwa wanaosoma kutoka Uingereza: huku, tangu Januari 2024, kipimo ni uhusiano unaofanana na ndoa kwa miaka 2, hata kama hamkuishi nyumba moja muda wote, lakini kiwango cha kipato kilipanda hadi pauni 29,000 Aprili mwaka huohuo. Na aliyeingia kama mgeni hawezi kubadilisha kuwa mwenza akiwa ndani. Lazima arudi aombe kutoka nje. Kanada haidai kiwango hicho cha kipato kwa mwenza, ila mdhamini hujifunga kumtunza kwa miaka 3.

Mzee_Karani
Binti yangu, kuna maswali mawili ambayo lazima uyajibu kabla ya yote. Ulipopata ukaazi, mlikuwa mmeshaishi pamoja mwaka mzima na hukumtaja? Mwenza aliyefichwa wakati ule kwa kawaida hazuiliwi kwa muda tu. Anaondolewa kwenye kundi la familia, yaani wale unaoweza kuwadhamini. Pili, je, wewe mwenyewe ulidhaminiwa na mume? Kama ndivyo, itabidi usubiri miaka 5 tangu upate ukaazi.

Binti_wa_Muheza
Shikamoo, Mzee. Wakati ule yeye alikuwa akiishi kwa dada yake, hatukuwa tumekaa pamoja. Na mimi nilikuja kwa njia ya kazi. Wasiwasi wangu ni kwamba kwenye fomu ya kuongeza muda aliandika kuwa hajaoa.

Mzee_Karani
Marahaba. Hakudanganya, kwa sababu mwaka ulikuwa haujatimia. Lakini kuanzia siku utakapotimia, kila fomu iseme kwamba ninyi ni wenza, hata taarifa zako za kodi, kwa kuwa mamlaka ya kodi nayo huhesabu miezi 12. Taarifa ya uongo humfungia mtu mlango wa Kanada kwa miaka 5.

Umm_Sumayya
Kuhusu kurudi: ile karatasi ya kuongezewa muda inamruhusu kukaa, haimruhusu kuingia. Kinachomrudisha ni viza iliyo kwenye pasipoti, nayo iwe hai siku atakayotua. Itazameni leo, kabla ya kununua tiketi. Ikiwa itaisha akiwa Tanga, ataomba mpya kutoka huko, na asifiche maombi ya udhamini, maana sheria inakubali mtu kutaka ukaazi na wakati huohuo kuja kama mgeni, ilimradi ofisa aridhike kwamba ataondoka muda wake ukiisha. Mkononi abebe risiti ya kupokelewa kwa maombi kama mmeshawasilisha, barua yako, uthibitisho wa fedha, na kitu kinachomvuta nyumbani, kama likizo ya kazini au shamba lenye hati. Na wewe usimfuate kwa muda mrefu: mkaazi wa kudumu ambaye si raia hadhamini akiwa anaishi nje.