Majirani Isanga: Taka Kabla ya Jumamosi

Mama Lusajo, 06:12
Mmeamkaje majirani. Gari la taka halijapita wiki ya pili hii, ghuba limefurika hadi barabarani. Jumamosi ndiyo ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tutakuwa wote nje. Tukubaliane leo, siyo Ijumaa usiku.
Ninaloomba ni moja: maganda yasichanganywe tena na taka nyingine. Zaidi ya nusu ya ndoo ya kila nyumba ni maganda ya ndizi na viazi, majani ya mboga, mabaki ya ugali. Hayo ndiyo mazito, ndiyo yanayochuruzika na kuita mbwa. Yakitoka tukayaozesha yawe mbolea, zilizobaki zinangoja gari bila kunuka.

Mama Lusajo, 06:15
Ndoo yenye mfuniko: vinavyooza. Salfeti: chupa, makopo, maboksi. Kiroba kidogo: pampasi, pedi, vifungashio. Betri na balbu kwenye kopo lake. Majivu ya mkaa yalale kwenye debe hadi kesho yake, yakiwa ya moto yanachoma salfeti na nyumba pia.

Dada Rehema, 06:31
Pampasi zinanuka kuliko maganda dada.

Mama Lusajo, 06:33
Kweli. Kinyesi kimwagwe chooni kwanza, ikunjwe kwa gundi yake, kiroba kifungwe. Kuzichoma hapana, zimejaa maji haziungui, zinatoa moshi tu.

Mama Lusajo, 08:47
Watu 34 mmesoma. Jibuni basi.

Baba Gwamaka, 09:20
Shemeji anayelala hadi saa tano asubuhi tumweke chombo kipi? 😂

Fundi Sanga, 09:21
😂😂 Salfeti. Bado ana bei.

Dada Rehema, 09:22
Huyo ndoo moja kwa moja 😂

Mama Lusajo, 09:40
Mvua zinaanza Novemba. Mtaro ukiziba, maji yanaanzia kwako Baba Gwamaka. Nani ana mabua ya mahindi?

Fundi Sanga, 10:02
Shimo tunachimba wapi?

Mama Lusajo, 10:09
Siyo shimo. Kwa mvua zetu shimo linajaa maji, hewa inakosekana, taka zinavunda badala ya kuoza. Ni lundo juu ya ardhi, mita 1 kwa 1, kimo mita 1. Likiwa dogo halishiki joto, na Juni na Julai kwa baridi ya huku linalala kabisa.
Chini mabua au vijiti, kimo cha shubiri moja, hewa ipite. Juu yake ndoo 1 ya maganda mabichi kwa ndoo 2 za majani makavu. Maranda ya mbao ndoo 1 inatosha, ni makavu sana, yakizidi lundo linakwama. Majani ya milingoti msilete mengi, yanachelewa kuoza. Kokwa za parachichi zipasuliwe kwa panga. Nyama na samaki hapana, panya.

Mama Tusa, 10:15
Kabla hamjafika kwenye lundo, ile hela ya guta la kubeba taka iliishia wapi?

Baba Gwamaka, 10:17
Mama Tusa, hayo si yalikwisha.

Mama Tusa, 10:17
Yalikwisha kwa nani?

Fundi Sanga, 10:19
_Ujumbe huu umefutwa_

Mama Lusajo, 10:26
Jamani turudi kwenye taka.

Babu Ambilikile, 12:50
Anaandika mjukuu, babu anasema hivi. Nimesomewa yote. Guta lile lilikuwa likimwaga korongoni na wote tulijua. Tulilipa ili tusizione. Taka zile zile zikaziba kalvati, maji yakaingia kwa Mama Tusa, na waliokwenda kumpa pole nawajua, ni wachache. Haya hayakwisha. Nendeni kwake kwanza, hela mtahesabiana baadaye.
Lundo liwekwe kwangu, kwenye migomba ya chini. Upande wa kisima hapana. Nikikuta pampasi ndani ya lundo naisimamisha kazi yote.

Mama Lusajo, 13:38
Shikamoo babu. Tumesikia.

Dada Rehema, 13:40
Ndaga fijo babu 🙏

Baba Gwamaka, 14:05
Shikamoo babu. Mama Tusa, jioni nakuja na mama Gwamaka.

Mama Tusa, 14:30
Karibuni.

Mama Lusajo, 16:10
Nimalizie. Unyevu: shika konzi, kamua. Matone mawili matatu ni sawa. Yakichuruzika, ongeza vikavu ugeuze. Ukiona sisimizi, ni pakavu, nyunyiza maji. Chomeka fito katikati, ichomoe baada ya dakika 10: ikiwa ya moto, linafanya kazi. Ikiwa ya baridi na harufu ya yai viza, hewa hakuna. Kugeuza kila wiki 2, nje iingie ndani. Majivu konzi tu kwa tabaka, yakizidi yanafukuza naitrojeni, mbolea inakuwa dhaifu. Miezi 3 hadi 4, wakati wa baridi zaidi.

Fundi Sanga, 16:44
Maranda viroba 4 nitaleta. Turubai la kufunika sina.

Mama Lusajo, 16:46
Bati chakavu linafaa, bora mvua isilipige. Chupa za maji toeni vifuniko mzikanyage, mnunuzi anapima kilo na vifuniko anavitaka peke yake. Kugeuza tupange zamu, nyumba 2 kila mara. Nani anaanza?

Anko Mwasa, 19:58
Ndio naona meseji. Lundo la nini?

Mama Lusajo, 20:03
Panda juu usome anko.

Baba Gwamaka, 20:20
Mabua ninayo, ila hayatoshi na ng'ombe wa Anko Mwasa anayamaliza.

Anko Mwasa, 20:22
Ng'ombe ale nini sasa?

Mama Lusajo, 20:25
Zamu jamani. Na viroba vya pampasi gari lisipokuja Jumatatu?

Dada Rehema, 20:41
Mimi niko Tukuyu hadi Jumapili. Ndoo yangu ataimwaga nani?