Timu ikishindwa kuzuia mbio ina haki gani ya kulia na refa?

Mwanashangani
Wakuu habari za usiku. Kila mtoano wa NFL ukianza sisi tunaokesha huku Mtwara kuangalia huu mpira wa Kimarekani tunaishia kugombana kwa jambo lile lile, timu ya mtu ikitolewa tu basi refa. Mi naona wengi wanaolia na refa timu zao zilipitika kwa mbio, yaani mpinzani alikimbia na mpira mkononi badala ya kuurusha, na hawataki kusema. Chukua Super Bowl, fainali kuu, ya Februari 2023, Chiefs 38 Eagles 35. Watu mpaka leo wana hasira na kile kitambaa cha njano, alama ya faulo, alichorushiwa Bradberry wa Eagles mwishoni kwa kumshika Smith-Schuster wa Chiefs, wakati Bradberry mwenyewe baada ya mechi alikiri kuwa alimvuta jezi. Sasa kwenye shambulizi hilo hilo, kabla ya kitambaa, Mahomes, kwotabeki (mrushaji mpira) wa Chiefs, mwenye kifundo kibovu, anachechemea kabisa, alikimbia yadi 26 katikati ya beki ya Eagles. Yadi 26 kwa mguu mbovu! Mbona hiyo hamuitaji? Nauliza, timu iliyopitika namna hiyo inaweza kusema imeibiwa?

Mitwero_Lindi
Mkuu nakupinga na nina sababu. Januari 26, 2025, Bills wako ugenini Kansas City, fainali ya kanda, wanaongoza 22-21, robo ya nne ndo imeanza, dauni ya nne, yaani jaribio la mwisho kati ya manne ya kusogeza mpira yadi 10, na imebaki chini ya yadi moja. Josh Allen, kwotabeki wa Bills, akajichomeka na mpira kwenye rundo la watu. Marefa wawili wa pembeni wakaja mbio kila mmoja kutoka upande wake, mmoja mguu wake unaonyesha kafika, mwenzie mguu uko nyuma, wakafuata wa nyuma. Wakaenda kwenye marudio ya video wakasema picha hazitoshi kubadilisha. Chiefs wakapewa mpira wakaenda kufunga tachidauni (kufikisha mpira mwisho wa uwanja, pointi 6) na pointi mbili za nyongeza juu, 29-22, na mechi ikaisha 32-29. Pointi tatu! Na huu mtoano hauna nyumbani na ugenini kama tulivyozoea sisi, ni mechi moja ukifungwa msimu umeisha, kwa hiyo kosa moja la refa halina pa kurekebishiwa. Mimi Bills ni timu yangu, ile siku nililala saa 12 asubuhi na sikuenda popote.

Dada_Masasi
Kaka zangu wote wawili naomba mnisikilize vizuri.

Kaka wa Lindi, ile dauni ya nne unaielezea kama vile Chiefs walikuwa wamesimama tu wakisubiri refa. Allen alizuiwa siku ile zaidi ya mara moja kwa mchezo ule ule wa kujichomeka, kwa sababu Chiefs walishajua anapenda kwenda kushoto wakajaza watu huko. Hiyo ndo beki ya mbio yenyewe. Angepita kwa yadi mbili nani angeangalia miguu ya marefa? Na upande wa pili Mahomes alifunga tachidauni mbili kwa miguu yake mwenyewe, kwotabeki huyo, sio mkimbiaji.

Kuzuia mbio sio nguvu tu kama watu wanavyodhani. Kila mtu ana mwanya wake. Yule mnene wa katikati kazi yake ni kula watu wawili wa laini ya wapinzani, wale wanaomfungulia njia mkimbiaji, ili lainibeka, mlinzi aliye nyuma yake, abaki huru, na mtu wa pembeni lazima ashikilie ukingo, mpira urudi ndani kwa wenzake. Mmoja akitamani kuwa shujaa akakimbilia mpira akaacha mwanya wake, yamekwisha. Katafuteni 49ers na Packers, Januari 19, 2020. Raheem Mostert, mkimbiaji wa 49ers, yadi 220 na tachidauni 4, mpaka kwotabeki wao Garoppolo akarusha mpira mara 8 tu mechi nzima, kwa sababu ya kurusha arushe nini wakati njia ipo wazi? Ilikuwa 27-0 mapumziko. Ile mechi haina mtu anayemtaja refa.

Lakini na wewe Mwanashangani usimtoe refa kwenye hesabu ya mbio, maana yumo ndani kabisa. Mtu wa laini ya ulinzi ili azuie ni lazima kwanza ajinasue, sasa kama kashikwa jezi chini ya kwapa na refa hajaona au kaamua kuacha mchezo uende, atajinasuaje? Na kwenye mtoano wale marefa saba waliochezesha pamoja msimu mzima hawabaki kama walivyo, NFL inachagua waliofanya vizuri zaidi kila mmoja kwenye nafasi yake, wanachanganywa. Kwa hiyo kile ulichokuwa unapigiwa filimbi mwezi wa 11 mwezi wa kwanza unaweza kuachiwa. Kocha asipowaandaa vijana kwa hilo anawaonea.

Newala_Juu
Saints na Rams, Januari 2019. Robey-Coleman wa Rams alimgonga Tommylee Lewis wa Saints kabla mpira haujafika, dunia nzima imeona, kitambaa hakikurushwa, Rams wakashinda 26-23 muda wa nyongeza. Msimu uliofuata NFL ikaruhusu faulo ya hivyo iangaliwe kwenye marudio, ikadumu msimu huo mmoja wakafuta. Mbio zinahusikaje hapo?

Mwanashangani
Newala hiyo ya Saints sijawahi kuibishia, ule ulikuwa wizi wa mchana kweupe. Ninaowasema mimi ni wale wanaotaka kila mechi iwe Saints.

Mitwero_Lindi
Dada nimekuelewa kwenye kujaza kushoto, ni kweli. Ila swali langu halijajibiwa: alifika au hakufika? Msimu wa 2025 wameleta kamera za kupima badala ya ule mnyororo, sawa, lakini kamera inapima pale refa alipoweka mpira kwa macho yake, na tatizo langu lilikuwa hapo hapo kwenye kuweka. Mpira una chipu ndani miaka yote hiyo, waitumie basi.

Dada_Masasi
Chipu haijui goti la mwenye mpira limegusa chini saa ngapi, kaka, na likigusa mpira unakufa hapo hapo, kwa hiyo kwenye rundo la watu 20 goti ndo kesi yote. Hapo utamhitaji refa tu. Mi nawaomba kitu kimoja Jumapili hii, ya kwanza inaanza saa 5 usiku na ya pili saa 8 na nusu, dauni ya kwanza ya kila shambulizi achaneni na mpira, mwangalieni yule mtu wa pembeni, ameshika ukingo au kaingia ndani, na kama kaingia ndani ni mwenyewe au kashikwa. Mkiandika hayo hapa Jumatatu tutakuwa na cha kubishania.