Mjadala: B-52 zingerudi 1975, Saigon ingesimama?

Wakuu, kila tukigusa vita vya Vietnam kuna hoja haikosi: kwamba Vietnam Kusini iliangushwa na Kongresi ya Marekani, na kwamba B-52, zile ndege kubwa za mabomu za Marekani, zingerudishwa Aprili 1975, Saigon, mji mkuu wa Kusini, isingetekwa na Kaskazini. Mimi nasema Aprili maji yalishamwagika. Kama ndege zingebadili lolote, ni Januari.

Wenye hoja hiyo hutaja 1972, Kaskazini iliposhambulia Kusini, na wana haki. Pale An Loc, mji wa Kusini, vifaru vya Kaskazini viliingia hadi mitaani. Askari wa Kusini wakavipiga kwa roketi za begani wakiwa wamejibanza kwenye vifusi, huku B-52 zikiwamiminia mabomu askari wa Kaskazini waliouzingira mji. Mji haukuanguka. Lakini tazameni kilichowezesha. Watetezi hawakukimbia, kwa hiyo adui alilazimika kujazana sehemu moja ili awang'oe, na chini walikuwepo washauri wa Kimarekani wenye redio, wakiwaelekeza marubani pa kupiga. Bila hayo, B-52 inachimba mashimo porini tu.

Machi 1975 hayo hayakuwepo. Mji wa Ban Me Thuot ulipotekwa na Kaskazini, Rais Thieu wa Kusini aliamuru jeshi liondoke miji ya Pleiku na Kontum kwa barabara ya 7B, njia mbovu iliyokuwa imetelekezwa. Raia wakafuata nyuma. Malori, vifaru, askari waliobeba watoto wao, wote kwenye msururu mmoja uliokwama huku ukishambuliwa. Rubani apige wapi hapo? Ndege za Kusini zenyewe zilijaribu, zikawaangushia mabomu askari wao.

Najua nitakavyojibiwa: Thieu asingetoa amri ile kama angekuwa na hakika ndege zinakuja. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote, na ndiyo inayonirudisha Januari. Kabla ya mkataba wa amani wa Paris wa 1973, Rais Nixon wa Marekani alimwahidi Thieu kwa barua kwamba Kaskazini ikivunja makubaliano, Marekani itajibu kwa nguvu zote. Kongresi ikapiga marufuku mapigano ya Marekani Indochina kuanzia 15 Agosti 1973. Mwaka uliofuata Nixon akajiuzulu, na msaada wa kijeshi ukapunguzwa hadi dola milioni 700. Thieu akabaki na barua zake. (Mtu aliyekaa Ikulu miaka yote ile kuamini sahihi ya rais mmoja kuliko sheria ya Bunge, mimi hainiingii akilini.)

Hanoi, yaani serikali ya Kaskazini, ikaamua kupima kama Marekani itajibu. Tarehe 6 Januari 1975 mkoa mzima wa Phuoc Long, kaskazini ya Saigon, ukawa mikononi mwake, na Washington ikaishia kulalamika kwa maneno. Kuanzia hapo majenerali wa Kaskazini walipanga vita wakijua anga ni salama. B-52 zingepiga siku zile, nadhani shambulio la Ban Me Thuot lingeahirishwa, pengine mwaka, pengine miwili. Zaidi ya hapo sioni, maana kipigo cha 1972 kiliwapa miaka mitatu tu, tena kwa gharama: mashambulizi ya Desemba mwaka huo peke yake yaliigharimu Marekani ndege 15 za B-52.

Sasa wanaosema Saigon ingeokoka watujibu hili: Ford, aliyemrithi Nixon, rais asiyepigiwa kura na taifa, angeipata wapi ridhaa ya Kongresi ile kwa ajili ya mkoa ambao Wamarekani wengi hawakuwahi kuusikia?