Naombeni ushauri: malengo ya kutumia teknolojia darasani, mwisho ni Ijumaa

MwalimuZamu:
Habari za muda huu wadau. Mimi ni mwalimu wa sayansi, mwaka wa 14 sasa darasani. Mkuu wa shule ametaka kila mwalimu aandike malengo matatu ya kutumia teknolojia kwenye somo lake muhula ujao, na fomu zirudi Ijumaa. Vishikwambi vililetwa juzijuzi, vipo kabatini. Nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta. Mwenye malengo yaliyokaa vizuri anirushie hata mfano, jina la somo nitabadilisha mwenyewe. Usingizi umekata tangu Jumapili.

KengeleYaMwisho:
Malengo matatu ndiyo yakukoseshe usingizi? Mimi nina madeni matatu na nakoroma.

FundiWaya:
Kabla hujaandika lolote, projekta yenu ina lumeni ngapi, yaani mwangaza wake? Ikiwa chini ya 3000 na madirisha hayana pazia, watoto wataona kivuli chako tu. Lengo la kwanza liwe projekta.

MwalimuZamu:
Projekta hatuna, ndugu. Ni vishikwambi.

FundiWaya:
Basi lengo la kwanza liwe kupata projekta.

MkufunziMstaafu:
Mwalimu mwenzangu, fuata ule mtindo wa SMART wa kuandika malengo, herufi tano na kila herufi ina sharti lake, lakini ujue ulikotoka. George Doran aliuandika mwaka 1981 kwa ajili ya mameneja, wala si kwa ajili ya darasa. Na ile A, ambayo semina zote zinasema ni lengo "linalofikika", kwake ilimaanisha lengo liwe na mtu aliyekabidhiwa. Walimu tumelirithi likiwa limebadilishwa nguo. Kisha upime kwa ngazi nne za Ruben Puentedura: je, kifaa kimechukua tu nafasi ya daftari, kimeongeza kitu, kimebadilisha kazi yenyewe, au kimewezesha kazi ambayo bila hicho isingewezekana? Zaidi ya hapo upo mwongozo wa UNESCO wa umahiri wa walimu katika TEHAMA, toleo la tatu la mwaka 2018, wenye stadi 18. Nilikuwa nikiufundisha kwa wiki mbili, na wiki ya kwanza yote ilikuwa...

KengeleYaMwisho:
Mzee, ameomba mfano wa malengo. Wewe unampa muhula mzima.

MamaWawili:
Mimi si mwalimu, ni mzazi. Mwanangu alirudi siku moja akasema leo tumefundishwa kwa kompyuta. Nikafurahi. Nikamuuliza, umejifunza nini? Akasema, "Mama, maneno yanaingia yakizunguka, halafu yanakaa." Mwalimu alichukua nukuu zilezile za miaka yote, akaziweka kwenye slaidi, akawa anazisoma ameupa mgongo darasa. Nikamuuliza tena, lakini maneno yenyewe yalisema nini? Hakumbuki. Ila anakumbuka yalizungukia upande gani. Nimesimulia tu, sina ushauri.

MwalimuZamu:
Asanteni wote, nimejifunza. Ila bado naomba mifano. Na nina swali dogo: kama mtu mwaka jana alishaandika malengo, anaruhusiwa kurudia yaleyale?

DadaHesabu:
Mwalimu, hilo swali dogo ndilo lililokuleta humu. Mwaka jana uliandika nini?

MwalimuZamu:
Malengo ya kawaida tu.

DadaHesabu:
Yataje.

MwalimuZamu:
Sawa. Mwaka jana niliandika: "Asilimia 100 ya wanafunzi watatumia vishikwambi katika kila kipindi cha sayansi." Mwisho wa mwaka fomu ikarudi na visanduku viwili, limefikiwa na halijafikiwa. Nikaweka tiki kwenye limefikiwa. Ofisi nzima iliweka tiki, ila yangu ndiyo ilisomwa. Sasa mkuu wa shule amenichagua niwe mfano. Wiki ya pili ya muhula ujao walimu wa shule jirani watakuja kukaa nyuma ya darasa langu waone. Vishikwambi ni 24. Sijawahi kuvitoa vyote kabatini. Vingine bado vina ile nailoni ya kioo.

Msinihukumu, njia nimeshaipata. Nimechagua watoto sita wepesi, tunabaki baada ya kengele tunafanya mazoezi. Kila mmoja anajua abonyeze wapi na aseme nini. Kipindi ni dakika 40 tu, hakuna atakayeumia. Ninachokosa ni malengo yatakayofanana na kipindi hicho.

MjaNiMja:
Mwalimu, daktari akidanganya anamdanganya mgonjwa mmoja. Wewe una wanafunzi. Hao sita wameshajifunza kitu kikubwa kutoka kwako, na si sayansi.

KengeleYaMwisho:
Darasa lina wangapi? Hao wengine siku hiyo watakuwa mapambo?

MwalimuZamu:
Wapo 48. Wengine watafuata kwenye daftari. Na wewe MjaNiMja, hujawahi kujaza fomu ambayo unajua hakuna atakayeisoma? Vifaa vilikuja bila mafunzo, bila mtu wa kumuuliza. Kimoja kikipotea ni mimi ninayeandika maelezo. Kabati ndipo mahali salama. Ningeandika "halijafikiwa" ningeulizwa kwa nini, na jibu lake lingenirudia mimi, si aliyevileta.

MkufunziMstaafu:
Hilo la kabati ni la zamani. Edison mwenyewe, yule mvumbuzi, mwaka 1913 alitabiri kwamba vitabu vya shule vitapitwa na wakati, watoto watajifunza kwa picha za sinema. Baadaye ikaja redio, ikaja televisheni, na kila kimoja kilipata kabati lake.

Mpekuzi:
Subirini kwanza, jamani. Rudini bandiko la kwanza. Vishikwambi "vililetwa juzijuzi". Sasa vimeshakaa tangu mwaka jana na vimeandikiwa ripoti. Kwanza anaomba mfano tu, halafu kuna wageni, halafu kuna watoto sita wa mazoezi. Kila tukimbana, hadithi inanenepa. Hii ni chai. Kuna mtu anatunga igizo, na sisi tunamwandikia mazungumzo bure.

KengeleYaMwisho:
Nilihisi! Hata lile la nailoni kwenye kioo limekaa kitunzi mno.

MamaWawili:
Hata kama ni chai, mimi walimu wa hivi nawajua watatu.

MjaNiMja:
Kama ni uongo basi nimetoa mawaidha yangu bure.

MwalimuZamu:
"Juzijuzi" niliandika kwa aibu. Mengine yote ni kweli. Mnataka nipige picha kabati la shule niliweke humu, nifukuzwe kabisa?

FundiWaya:
Picha za nini? Mwalimu, kesho chukua kishikwambi ambacho hakijaguswa tangu mwaka jana. Kichaji nusu saa, kiwashe, usikiunganishe na intaneti. Uniambie kinaonyesha tarehe gani. Hilo tu.

Mpekuzi:
Tarehe itathibitisha nini?

FundiWaya:
Tulia.

MwalimuZamu:
Nimerudi. Nimewasha vitatu. Cha kwanza kinaonyesha tarehe 1 Januari 1970. Cha pili hivyohivyo. Cha tatu kinasema mwaka jana, ila hicho niliwahi kukichaji. Na hapa niseme jambo ambalo sikulisema: mwaka jana nilijaribu kweli. Siku ya kwanza niliviunganisha na intaneti ya simu yangu, kila tovuti ikakataa, ikaandika kwamba muunganisho si salama. Watoto 48 wananitazama. Nikasema vina virusi, nikavikusanya, nikafunga kabati. Sikulifungua tena.

FundiWaya:
Sasa nakuamini. Betri ikiisha kabisa kwa muda mrefu, kifaa kinapoteza saa yake. Vifaa vya aina hiyo huhesabu sekunde kuanzia tarehe 1 Januari 1970, hivyo hesabu ikifutika kinarudi mwanzo. Tovuti nazo zina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kifaa kinachodhani tuko 1970 kikiangalia cheti kinaona bado hakijaanza kazi, kinakataa. Hakukuwa na virusi wala nini. Nenda kwenye mipangilio, weka tarehe sahihi, washa ile ya saa kujirekebisha yenyewe. Dakika moja kwa kila kifaa.

Halafu vilaze vyote mezani uvikague kimoja kimoja. Kilichovimba mgongo, au kioo kimeanza kuachana na fremu, usikichaji kabisa, kiweke kando. Vizima ukivihifadhi, viache na chaji kama nusu, usivirudishe kabatini vikiwa sifuri.

MwalimuZamu:
Dakika moja? Mwaka mzima nimebeba hili.

Mpekuzi:
Hilo la 1970 hata mimi ningelitafuta mtandaoni.

DadaHesabu:
Mpekuzi, endelea na upelelezi wako. Mwalimu, achana na vishikwambi kidogo. Kwenye somo lako, ni wapi watoto wanakosea kila mwaka, hata ueleze vipi?

MwalimuZamu:
Umeme. Kila mwaka. Wanaamini balbu ya kwanza "inakula" mkondo, ya pili inabakiziwa. Ukiwachorea balbu mbili zinazofanana kwenye sakiti ya mfululizo, wanakuambia ya kwanza itawaka zaidi. Ninachora, ninafuta, wanakubali, kwenye mtihani wanarudi kulekule.

DadaHesabu:
Lengo lako ni hilo. Lile la mwaka jana lilihesabu vidole vinavyogusa kioo. Mtoto anaweza kugusa kila kipindi na bado akaamini mkondo unaliwa.

Kuna majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kioo cha kifaa yanaitwa PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na Carl Wieman, mwanafizikia mwenye Nobel. Ni ya bure, na mengi unaweza kuyapakua yakafanya kazi bila intaneti. Lipo la kujenga sakiti: mtoto anaunganisha betri, waya na balbu, anaona chaji zikitembea, anaweka amita, kile kipima mkondo, kabla ya balbu na baada ya balbu. Namba ni ileile pande zote mbili. Hapo ndipo wanaponyamaza. Ila kabla hajagusa, aandike kwanza kwenye daftari anavyodhani. Asipoandika, akishaona jibu atakuambia alijua tangu mwanzo.

MwalimuZamu:
Ni Alhamisi usiku, naleta mrejesho. Vizima ni 16. Vitano havipokei chaji, vitatu vimevimba, nimeviweka kando kama alivyosema fundi. Wanafunzi 48, kwa hiyo watatu kwa kimoja. Leo nimewapa lile swali la balbu mbili kwenye karatasi bila kuwafundisha chochote. Waliopata ni 9.

Lengo nimeliandika hivi: "Kufikia wiki ya 6, wanafunzi wasiopungua 36 kati ya 48 wataeleza kwa maandishi kwa nini mkondo ni uleule kabla na baada ya balbu kwenye sakiti ya mfululizo, baada ya kutabiri, kujenga na kupima kwa kishikwambi katika vikundi vya watatu."

Mazoezi ya wale sita nimeyasimamisha. Mmoja alinifuata mlangoni akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo yale maneno tusiyaseme tena?" Nikamwambia ayasahau. Wageni nimeomba waje wiki ya 6 badala ya ya pili, mkuu wa shule amesema atafikiria. Tiki ya mwaka jana sijaigusa. Hilo mniachie kwanza.

Tatizo ni moja: mkuu wa shule ameitazama fomu akasema, "Lengo moja tu? Hapa pana mistari mitatu."

MjaNiMja:
Hiyo tiki, mwalimu.

Mpekuzi:
Tuwekee picha ya fomu.

KengeleYaMwisho:
Mwandiko uwe mkubwa, lengo moja litajaza mistari yote.

FundiWaya:
Mstari wa pili andika projekta.