Binti yangu kapangiwa atetee bomu la Hiroshima. Nimwombee abadilishwe?

BabaMwana_Kibokoni
Assalaam alaykum jamani. Mwanangu yuko kidato cha tatu. Ijumaa wana mdahalo: "Kutumia bomu la nyuklia vitani kwaweza kuwa halali." Kapangwa upande wa kuunga mkono, na tangu Jumatatu yuwanuna, asema hawezi kusimama mbele za watu kutetea dhambi.

Mtihani wangu ni huu. Babu yangu alikuwa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akapigana na Wajapani Bama (Burma) mwaka 1944. Bomu lilipoangushwa walikuwa wamesharudishwa India, wangoja kupelekwa tena. Hadi kufa kwake alisema, "Lau si bomu lile, nyinyi nyote hampo." Nyota yake ya vita tunayo kwenye mkebe wa biskuti. Juzi nilimwambia binti hayo, nikidhani namsaidia. Akaniuliza, "Kwa hivyo baba, sisi tuko hai kwa watoto wa Hiroshima?" Nikajifanya nakoroga chai.

Nimwone mwalimu, au nimwache?

MwalimuMstaafu
Mwache. Mdahalo si kiapo. Nimesimamia midahalo miaka mingi, na anayejua hoja za mwenzake ndiye asiyebabaishwa. Aanze na Tokyo: Machi 1945, usiku mmoja, mabomu ya moto ya kawaida yaliua watu kama 100,000. Na Wamarekani walikuwa wamepanga kuvamia Kyushu, kisiwa cha Japani, Novemba. Watamjibu kwamba Urusi iliingia vitani dhidi ya Japani tarehe 8 Agosti, siku mbili tu baada ya Hiroshima, basi nani ajua ni lipi lililomvunja Mjapani moyo? Hapo ajiandae.

Bi_Likoni
Mwalimu, mwazungumza kama ni mpira. Kufika mwisho wa 1945 Hiroshima walikuwa wamekufa watu kama 140,000, wengi wao raia. Sayyidna Abubakar alipotuma jeshi Shamu aliwausia wasiue mwanamke, mtoto wala mzee, wala wasikate mti wa matunda. Bomu lile lachagua nani? Huyo mtoto ana haki ya kununa.

Kibe_wa_Kongowea
Unga wapanda bei, nyinyi mwajadili nyuklia za Wazungu 😂

Bi_Likoni
@Kibe Za Wazungu? Urani nyingi ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Kongo hapo. Ufaransa nayo bomu lake la kwanza ilikwenda kulilipua Algeria, 1960. Kula mbaazi zako unyamaze.

Wakili_Tudor
Mimi ningeshika neno "halali". Kisheria ni jambo moja, kidini na kiutu jingine. Mahakama ya Haki ya Kimataifa ilisema mwaka 1996 kwamba kwa jumla kutumia silaha hizi kwenda kinyume na sheria za vita, lakini majaji walishindwa kukata neno pale uhai wa dola wenyewe uko hatarini. Binti ajibane kwenye upenyo huo, hatakuwa amesema uongo. Ila asikubali kuburutwa hadi Nagasaki, kwenye bomu la pili. Zilipita siku tatu tu, na ndege ile ilikusudia mji wa Kokura, rubani hakuuona mji vizuri, akageukia Nagasaki. Watu kufa kwa sababu ya wingu, mimi sijasikia wa kulitetea nikaridhika.

Na kuhusu babu: kufurahi kwake kurudi nyumbani si fatwa. Hakuulizwa kabla, na nyinyi hamna deni la kumlipia.

BabaMwana_Kibokoni
Ahsanteni. Nimemsomea yote isipokuwa ya Kibe. Hili la Kokura limemkamata, kaandika kurasa mbili. Mwalimu sitamwona. Sasa ataka kwenda na ile nyota ya babu Ijumaa, na mamake hataki, asema itapotea. Mimi bado sijasema kitu.