Mpako wa nyembe za kunyolea: una sumu? Na nyembe zilizotumika tutupe wapi hapa Goma?

kwafere_birere

Habari zenu wakubwa. Wateja saluni wameanza kuuliza kuhusu mpako wa nyembe: kwamba ni zile "kemikali za milele" zinazosemwa redioni. Nyembe zetu ni za kawaida, zenye makali pande mbili. Tunavunja wembe katikati na kuweka nusu kwenye mshiko. Kwa siku zinaisha kama 20. Naomba majibu ya wanaojua:

Mpako huo unaingia mwilini kupitia ngozi? Wengine wanapitisha wembe kwenye moto wa spiriti kabla ya kunyoa, wengine wanauloweka katika javeli (dawa ya maji yenye klorini). Mpako unakuwaje hapo? Na mwisho, nyembe zilizotumika zinachomwa na takataka nyuma ya nyumba. Moshi wake vipi?

kemia_kadutu

Ndugu, tuanze na wembe wenyewe. Ni chuma cha pua chenye kromu asilimia 13 hivi, unene wa milimita 0.1. Juu ya makali kuna tabaka mbili. Ya kwanza ni ngumu: kromu, au kromu na platinamu (ndiyo maana ya lile neno "platinum" kwenye paketi), au kaboni ngumu inayofanana na almasi. Kazi yake ni kuzuia makali yasijikunje. Ya pili ni PTFE, ileile ya makarai yasiyoshika chakula. Kiwandani nyembe hupangwa zikiwa zimebanana kama karata, makali yakanyunyiziwa PTFE, kisha zikapashwa moto kupita nyuzi 327 ndani ya gesi isiyo na oksijeni ili mpako uyeyuke na kutandaa. Kwa hiyo mpako uko kwenye makali tu.

Sasa tupige hesabu. Makali mawili, kila moja urefu wa milimita 37, yana nyuso nne. Tuseme mpako una upana wa milimita 1 kwa kila uso na unene wa mikromita 0.2. Hiyo ni karibu miligramu 0.065 kwa wembe mzima. Nyembe 20 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, ni nyembe 6,000: PTFE yake yote haifiki nusu gramu. Chuma chake, kwa gramu 0.6 kila wembe, ni kilo 3.6. Linganisha mwenyewe.

Ni kweli PTFE inahesabiwa katika jamii ya PFAS, yaani hizo "kemikali za milele", kwa maelezo ya OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi tajiri) ya 2021. Ila molekuli yake ni ndefu mno kupenya ngozi, haiyeyuki katika maji wala mafuta, na hata ikimezwa inatoka ilivyoingia. Mipapaso ya kwanza ya wembe mpya ndiyo inayosukuma sehemu ya mpako nyuma kutoka ncha ya makali. Hicho kidogo kinaondoka na povu.

Madhara makubwa yako kiwandani. Kwa miaka mingi PTFE ilitengenezwa kwa msaada wa PFOA, kemikali nyingine ya jamii hiyo, ambayo ni molekuli fupi, inaingia katika maji na inakaa katika damu kwa miaka. Huko Parkersburg, Marekani, ilichafua maji ya kunywa ya watu. Mkataba wa Stockholm, wa kimataifa kuhusu kemikali zinazodumu, uliiweka kwenye orodha yake 2019, na 2023 IARC, shirika la utafiti wa saratani la WHO, ikaiweka katika kundi la 1 la visababishi vya saratani. Kwa hiyo redio haikudanganya, ila mzigo wa sumu hiyo uliangukia majirani wa kiwanda, sio shavu la mteja wako.

Na kuhusu kromu: iliyo kwenye wembe ni metali, sio kromu-sita yenye sumu. Mteja akiwashwa kila mara, angalia mshiko kwanza. Mishiko mingi ya bei nafuu ina nikeli chini ya kromu. Ikichunika, nikeli inagusa ngozi. Au angalia manukato ya sabuni.

fundi_chuma_ndosho

Nijibu la moto. Acheni kabisa kupitisha wembe kwenye moto. Bati la milimita 0.1 linapata joto mara moja. Tazama makali: yanageuka manjano ya majani makavu, halafu zambarau, halafu samawati. Rangi hiyo ikionekana, ugumu aliouweka mtengenezaji umeanza kuondoka, na PTFE, ambayo kuanzia nyuzi 350 hivi inavunjika, imeungua. Baadaye wembe unavuta nywele badala ya kukata, kinyozi anakandamiza, mteja anachubuka. Na kuupitisha haraka haraka hakuhakikishi kwamba vijidudu vimekufa.

Moshi wa PTFE ni mbaya kweli: una floridi ya hidrojeni, na mtu akiuvuta kwa wingi anapata kitu kama homa, kutetemeka na kifua kubana, saa chache baadaye. Ndege ndio wanaokufa haraka, kasuku hasa. Lakini kwa miligramu 0.065, sio wembe utakaomuumiza jirani. Kwenye rundo lile lile mnachoma mishiko ya plastiki, chupa na mifuko. Moshi huo ndio wa kuogopa. Isitoshe wembe wenyewe hauungui. Unabaki kwenye majivu, mtoto anaukanyaga.

muuguzi_himbi

Kwafere, kwa afya ya wateja tatizo kubwa ni damu. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi juu ya kifaa kikavu siku 7, na damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuambukiza. Kila mteja nusu wembe mpya, mbele ya macho yake. Uvunje ukiwa bado ndani ya karatasi yake: unakunja kwa urefu mpaka usikie "tak". Usifute makali kwa taulo. Unaharibu mpako na unajikata.

Javeli ni ya mshiko, chanuo na mikasi, sio ya kurudisha wembe kazini. Klorini haili PTFE, lakini inatoboa chuma: utaona vidoti vya kahawia kwenye makali, na makali yenye vidoti yanakwaruza.

Namna ya kufanya: osha mshiko kwa sabuni na brashi kwanza, kwa sababu uchafu na damu vinamaliza nguvu ya klorini. Halafu dawa ya klorini asilimia 0.5, ileile tuliyoizoea wakati wa Ebola. Javeli iliyoandikwa 12° ina klorini asilimia 3.8 hivi: glasi 1 ya javeli, glasi 6 za maji. Ukitumia klori ya unga ya asilimia 70, ni gramu 7 kwa lita. Loweka dakika 10, suuza, kausha. Tengeneza mpya kila asubuhi, isikae juani, na usichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi.

Wanaosema "mimi nachemsha": hapa Goma tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 95. Hata dakika 20 haziui mbegu za pepopunda.

kwafere_birere

Aksanti sana. Basi hizo kilo 3.6 nizipeleke wapi? Kuchimba shimo hapa ni kuvunja mawe ya volkano. Kuna anayesema tuwape wanaonunua feraye (vyuma chakavu), au wale wanaoyeyusha sufuria.

fundi_chuma_ndosho

Wa sufuria hapana. Alumini inayeyuka kwa nyuzi 660, chuma kinataka karibu 1,450. Nyembe zitazama chini ya chungu nzima nzima, na hapo ndipo mpako unatoa moshi mbele ya pua ya mtu. Wa feraye naye atazipokea mikono mitupu, zikiwa na damu.

Chukua kopo la bati la maziwa ya unga. Toboa mfuniko mpasuko wa milimita 25 kwa 2. Wembe una upana wa 22, unaingia kwa ncha wala hautoki. Funga mfuniko kwa utepe wa gundi tangu siku ya kwanza, asije mtu akaufungua "kuangalia tu". Likijaa robo tatu, panua mpasuko kwa msumari, mimina uji wa simenti na mchanga mwembamba, sawa kwa sawa, uwe mwepesi kama uji wa mtoto. Gonga ubavu wa kopo ili hewa itoke, acha siku mbili. Kisha ni jiwe tu. Ukiwa na kituo cha afya karibu kinachokubali, wape kopo kabla ya simenti. Wana shimo la vitu vyenye ncha kali.

kemia_kadutu

Vaa glavu za mpira unapomimina. Kromu-sita niliyosema haimo kwenye wembe, simenti mbichi inayo.