Mjadala: Nyimbo za Brazil za kuachwa na kulewa, tuulaumu wimbo au kampuni ya bia?

MWANZISHA MADA: Wadau, naweka msimamo wangu mapema. Wanaodai kwamba sertanejo, muziki wa Brazil wenye asili ya mashambani, inawafundisha vijana wa Brazil kumaliza machungu ya mapenzi kwa chupa wamemkamata asiye mwizi. Mwaka 1987 Reginaldo Rossi wa Recife aliimba "Garçom": mlevi anamlilia mhudumu wa baa kwamba mpenzi wake anaolewa leo na mtu mwingine. Nani ausikilize wimbo ule akatamani kuwa mtu yule?

Kilichobadilika ni mlipaji. Aprili 2020, watu wamefungiwa ndani na korona, mwimbaji wa sertanejo Gusttavo Lima alirusha onyesho mubashara kutoka nyumbani, anakunywa mbele ya kamera, mdhamini ni Ambev, watengeneza bia. Conar, chombo cha watangazaji cha kujisimamia wenyewe, kikafungua shauri. Na sheria? Ile ya 1996 inabana matangazo ya pombe redioni na kwenye televisheni, yaruke saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi tu, ila inahesabu kuwa pombe vinywaji vya zaidi ya nyuzi 13 za kilevi tu. Bia inapita mlango wazi.

MCHANGIAJI WA PILI: Ndugu, kampuni hainunui kisichouzika. Mlevi wa Rossi alikuwa peke yake, tena anaona haya. Siku hizi uwanja mzima unanyanyua makopo na kuimba kwamba Ijumaa ndiyo dawa ya kuachwa. Hapo mtunzi hana lawama kweli?

MCHANGIAJI WA TATU: Nyote mmewasahau wanawake. Miaka nenda rudi, mwanamke kwenye nyimbo hizi alikuwa yule aliyeondoka, basi. Akaja Marília Mendonça wa Goiás na "Infiel", mwanamke anamfukuza msaliti moyoni mwake. Alifariki kwa ajali ya ndege Novemba 2021, ana miaka 26 tu. Yeye na wenzake ndio waliovuta viti wakakaa kwenye meza ya baa. Sasa wamekaa, ndiyo mnaona meza ina dhambi?

MWANZISHA MADA: Dada, meza ibaki, na waimbe watakavyo. Ninachotaka ni bia nayo ihesabiwe pombe kwenye sheria ile, na msanii anayelipwa kunywa jukwaani aseme kwamba analipwa. Nani anapinga hilo, na kwa hoja gani?